Dhambi, Kosa na Hatia: Historia ya Maneno Matatu ya Kikristo kutoka Rabai hadi Eldoret

Maandishi ya kwanza ya Biblia kuchapishwa kwa Kiswahili yalikuwa sura tatu za mwanzo za kitabu cha Mwanzo. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alianza kuzifasiri mwaka huohuo akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhidini, nazo zikachapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la chama cha wataalamu wa lugha na tamaduni za Mashariki. Sura ya tatu kati ya hizo ndiyo kisa cha Adamu, Hawa na nyoka, kisa ambacho mafundisho ya Kanisa la Magharibi tangu Agostino hukitaja kuwa asili ya dhambi zote. Hata hivyo, neno lenyewe halimo katika sura hiyo. Tunda linaliwa, wawili wanajificha, laana inatamkwa, lakini tendo halijapewa jina. Katika matini ya Kiebrania jina hilo halitokei mpaka sura ya nne, pale Kaini anapoonywa muda mfupi kabla ya kumwua nduguye. Kwa hiyo msomaji wa kwanza wa Biblia ya Kiswahili alipewa kisa kizima cha anguko, akakatiziwa kabla ya jina la anguko hilo na kabla ya damu ya ndugu.

Hiyo ni bahati tu ya uchapaji. Lakini inafaa kuwa mwanzo wa uchunguzi, kwa sababu swali lililobaki nje ya sura zile tatu ndilo lililoiandama theolojia ya Kiswahili kwa karne moja na nusu baadaye: dhambi ni kuvunja amri ya aliye juu, au ni kumdhuru aliye kando? Makala haya yanashikilia kwamba jibu liliamuliwa na sarufi kwa kiasi kisichopungua kile lilichoamuliwa na katekisimu. Nomino iliyoshinda, dhambi, haina kitenzi chake, na kwa sababu hiyo haina mahali pepesi pa kumweka mtu aliyetendewa. Neno lililoshindwa, kosa, linapo. Gharama ya ushindi huo ilidhihirika zaidi katika Uasin Gishu kuliko mahali pengine popote nchini Kenya.

Neno lililokuwapo kabla ya Kanisa

Dhambi limetokana na neno la Kiarabu dhanb. Krapf alipotua Mombasa, Waswahili walikuwa wamekwisha kulitumia kwa vizazi vingi katika mawaidha, katika hukumu na katika tenzi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambayo huuonya moyo kwa kuuonyesha magofu ya Pate, inatosha kuthibitisha kwamba fasihi ya Kiswahili ilikuwa na mfumo kamili wa toba kabla ya misheni yoyote ya Kikristo ya karne ya 19. Katika mfumo huo dhambi ni tendo la mja aliyevuka mpaka uliowekwa na Mola wake. Kila nafsi hubeba mzigo wake yenyewe. Adamu alitubu akasamehewa, na kosa lake halikurithiwa na wanawe.

Wamisionari, basi, hawakulileta neno. Walilikuta likiwa na uzito wake, na kwa hakika ni uzito huo uliowavutia. Edward Steere kule Unguja, ambaye Agano Jipya lake kamili lilitoka mwaka 1883 na Biblia nzima ya misheni yake mwaka 1891, alilichukua bila kusita. Hali kadhalika wafasiri wa Mombasa, waliotoa Agano Jipya mwaka 1909 na Biblia mwaka 1914. Kinyume chake pia ni kweli: Godfrey Dale alipoifasiri Kurani mwaka 1923, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy alipotoa tafsiri yake kamili mwaka 1969, walitumia neno hilohilo. Padri na shehe walikuwa wakibishana juu ya dhambi ya asili kwa neno moja ambalo kila mmoja alilijaza maana yake. Mfasiri Mkatoliki aliongeza sifa, dhambi ya asili, na hapo Kiswahili kilimfadhili kuliko alivyotarajia, maana asili ni chanzo na pia ni tabia ya kuzaliwa nayo, yaani zile maana mbili ambazo Agostino alihitaji kuzifunga pamoja.

Neno la pili, hatia, lina historia ya ajabu zaidi. Nalo limetoka katika Kiarabu, katika mzizi ambao ni ndugu wa mzizi wa Kiebrania hata, ule unaotumiwa na Agano la Kale kwa dhambi yenyewe. Mzizi huo wa Kiebrania maana yake ya awali ni kukosa shabaha. Katika Waamuzi 20:16 unatumiwa kwa watupa mawe kwa kombeo ambao mkono wao haukosi hata unywele. Neno la Kiyunani hamartia, ambalo Agano Jipya hulitumia, lilianza safari yake kutoka mahali hapohapo, kwenye mkuki uliopita kando. Kwa nasaba, basi, hatia ndilo neno la Kiswahili lililo karibu zaidi na neno la Musa na manabii. Lakini Kiswahili kililipeleka barazani kwa kadhi, kisha katika mahakama ya serikali, na huko likabaki. Mtu ana hatia au hana. Hatia ni jambo linalotamkwa na mwingine, mwenye mamlaka, mwishoni mwa kesi.

Wakati huohuo kitenzi cha Kibantu kukosa kilikuwa kikifanya kazi ileile ya Kiebrania bila kuazima chochote. Mwindaji hukosa mnyama, maskini hukosa chakula, mtoto hukosa adabu, na mtu humkosea mwenzake. Kutofika shabaha, kupungukiwa na kutenda isivyopasa vimo katika mzizi mmoja. Ni nadra sana lugha ya Afrika Mashariki kukaribia lugha za Biblia kwa namna hii bila jitihada za mfasiri.

Jaribio la Roehl

Mtu mmoja aliiona fursa hiyo. Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani, alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, akifanya kazi pamoja na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja. Kusudi lake lilikuwa kuyaondoa maneno ya Kiarabu kila ilipowezekana, kwa hoja kwamba maneno hayo yalikuja na Uislamu na kwamba Waafrika wa bara hawakuwa na haja nayo. Nabii akawa mfumbuaji. Torati ikawa Maonyo. Dhambi ikaiacha nafasi yake kwa jamii ya neno kosa, na mwenye dhambi akawa mkosaji.

Hoja ya Roehl ilikuwa na kasoro kubwa, na wakosoaji wake hawakukawia kuitaja. Lugha haitakaswi kwa kufukuza maneno ambayo wenyewe hawayahisi kuwa ya kigeni, na kwa Mswahili dhambi haikuwa ya kigeni zaidi ya kitabu au saa. Aidha, chuki dhidi ya Uislamu ilikuwa sababu mbaya ya kufanya kazi ya fasihi. Lakini sababu mbaya yaweza kuzaa uteuzi mwema, na yafaa tafsiri ya Roehl isomwe kando ya nia yake. Kuiita sheria ya Mungu Maonyo ni kuitoa mahakamani na kuileta kwenye kinywa cha mzazi. Anayeonya hutangulia tendo, na hutarajia kusikilizwa. Anayehukumu huja baadaye. Humo mlikuwa na theolojia nzima ya sheria, iliyo karibu na Kumbukumbu la Torati kuliko ilivyo karibu na Kanuni ya Adhabu ya koloni.

Kwa nini basi Roehl alishindwa? Sababu za nje zinajulikana: tafsiri yake haikukubaliwa pwani, na makanisa ya Kenya, Tanganyika na Unguja yaliungana katika tafsiri ya pamoja, Agano Jipya mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, iliyorudisha dhambi, torati na nabii. Lakini ipo pia sababu ya ndani, nayo ni wepesi wa neno kosa katika masikio ya watu. Methali zote zimeegemea upande wa kulisamehe. Kosa moja haliachi mke. Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mwanafunzi hufanya makosa ya tahajia. Neno ambalo laweza kumhusu karani aliyeandika tarehe isiyo sahihi lilionekana haliwezi kubeba Golgotha. Wafasiri wa 1952 walichagua uzito, na si rahisi kuwalaumu.

Isipokuwa kwamba uzito huo ulikuja pamoja na ukimya fulani. Dhambi haina kitenzi. Mtu hutenda dhambi au hufanya dhambi, na tendo hilo limekamilika bila kumhitaji mtu wa pili. Kitenzi kukosa, kwa kauli yake ya kutendea, humdai mtendewa: nimekukosea, tumewakosea, waliokosewa. Hakuna Mswahili asemaye amemdhambia mwenzake. Wafasiri wa 1952 walikutana na tatizo hilo katika Zaburi ya 51, Daudi anapomwambia Mungu ni nani aliyetendewa, wakalazimika kukiazima kipashio cha mtendwa kutoka kwa kitenzi tenda: nimekutenda dhambi. Ni muundo halali, lakini haukuwahi kutoka kanisani ukaenda sokoni. Na pale mwana mpotevu wa Luka 15 anaporudi kwa babaye, wafasiri haohao waliotupa kosa la Roehl wanamweka kinywani kitenzi kukosa. Mtoto anayesimama mbele ya baba hawezi kusema vinginevyo. Kwa maneno mengine, nomino ya Roehl ilikataliwa lakini kitenzi chake kiliingia kwa mlango wa nyuma, kila mahali ambapo toba ilihitaji uso wa mtu.

Sheria, torati na tabia

Mafundisho ya Kikristo juu ya dhambi hayawezi kutenganishwa na mafundisho juu ya sheria, kwa kuwa Paulo mwenyewe katika Waraka kwa Warumi hulipima la kwanza kwa la pili. Hapa pia uteuzi wa maneno uliacha alama. Kiyunani kina neno moja, nomos. Biblia ya 1952 hutumia sheria mahali pengine na torati mahali pengine, na mara nyingine hubadilisha katika hoja ileile. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Kiswahili hupata hisia, isiyokuwa katika Kiyunani, kwamba torati ni kitabu cha Wayahudi kilichopita ilhali sheria ni jambo la kila siku. Tena katika 1 Yohana 3:4, ambapo Kiyunani hueleza dhambi kuwa anomia, yaani hali ya kuishi kana kwamba sheria haipo, tafsiri hutumia uasi. Neno hilo nalo ni la Kiarabu, na haliwezi kuwepo bila mtawala anayeasiwa. Kilichokuwa upungufu wa mpango kikawa maasi dhidi ya mfalme.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni Warumi 2:14, aya ambayo theolojia ya Kikatoliki imeifanya kuwa nguzo ya sheria ya maumbile. Paulo anasema kwamba watu wa mataifa, wasiopewa sheria ya Musa, huweza kuyatenda yaliyo ndani yake kwa maumbile yao, na kwamba dhamiri huwashuhudia. Toma wa Akwino, katika Summa yake, aliitumia aya hiyo kueleza kwamba akili ya binadamu inashiriki katika sheria ya milele, na kwamba sheria yoyote ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, si matakwa ya mwenye nguvu tu. Biblia ya 1952 ilifasiri neno la maumbile kuwa tabia. Katika Kiarabu tabia ni maumbile. Katika Kiswahili cha karne ya 20 tabia ni mwenendo, nayo huwa nzuri au mbaya, na mwalimu huiandika kwenye ripoti ya mwanafunzi. Aya iliyopaswa kukiri kwamba mababu wa Waafrika walikuwa na sheria ya Mungu ndani yao kabla ya misheni ikasomeka kana kwamba yazungumzia watu wachache wenye mienendo mizuri. Biblia Habari Njema, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1990, iliona tatizo hilo ikahamishia hoja kwa dhamiri. Imeeleweka zaidi, lakini maumbile yamepotea kabisa.

Uwanda wa Uasin Gishu

Maneno haya yalipopanda bara na kufika Eldoret yaliingia katika hali ya kijamii isiyofanana na ya Mombasa. Mji huo ulizaliwa kwenye shamba namba 64, jina ambalo lilibaki likitumika kwa mji wenyewe, baada ya Makaburu kutoka Afrika Kusini kupanda uwandani mwaka 1908. Kusanyiko lao la Kireformati lilianzishwa mwaka 1909. Ardhi ilitengwa kwa ajili ya Wazungu, na Waafrika walikaa humo kama vibarua na maskwota. Ilipofika mwaka 1944 walowezi hao walianzisha misheni kwa ajili ya wafanyakazi wa mashamba yao, na kutokana nayo likaja kutokea Kanisa la Reformed la Afrika Mashariki, lenye makao yake Eldoret. Waliosikia neno sheria katika mahubiri ya misheni hiyo walikuwa wamekwisha kulisikia kwingine. Sheria ilikuwa kipande kilichovaliwa shingoni ndani ya kikopo cha bati, ilikuwa kodi, ilikuwa karatasi ya ajira iliyohesabu siku za kazi. Mhubiri aliyesema kwamba sheria ni takatifu alikuwa na mzigo ambao Paulo hakuwa nao.

Mapokeo ya Kireformati yalikuwa na dawa ya tatizo hilo, kama yangefundishwa kwa ukamilifu. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563 huitaja sheria mara mbili: kwanza kwa ufupi, kama kioo ambamo binadamu huona unyonge wake, na baadaye kwa urefu, amri kumi moja baada ya nyingine, katika sehemu ya tatu inayohusu shukrani. Sheria inayofundishwa baada ya wokovu si kamba ya kumfungia mkosaji bali ni njia ya aliyekombolewa. Katika mashamba ya uwandani ile ya kwanza ilisikika kwa urahisi zaidi. Si ajabu, kwani mwenye shamba na mchungaji wa misheni walikuwa wa rangi moja, na mara nyingine wa ukoo mmoja.

Upande wa pili wa milima, Uamsho wa Afrika Mashariki ulikuwa umeanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukafika Kabete mwaka 1937 na kuenea Kenya ya kati na magharibi. Waumini wake, walioitana ndugu, walikiri dhambi hadharani na kwa majina yake: wizi, ulevi, uzinzi, chuki. Mara nyingi Uamsho umelaumiwa kwa kuifanya dhambi kuwa orodha ya aibu za mtu binafsi. Lawama hiyo ina ukweli, lakini inasahau jambo moja. Ndugu wa Uamsho walirudisha walichoiba. Mtu aliyeokoka aliweza kumwendea mwajiri wake na kumkabidhi vifaa alivyochukua miaka iliyopita, au kumwendea jirani na kulipa deni ambalo jirani mwenyewe alikwisha kulisahau. Desturi iliijaza nafasi ambayo neno dhambi liliiacha wazi, nafasi ya aliyekosewa.

Kwa Wakatoliki, jimbo la Eldoret lilianza mwaka 1953 kama eneo la kimisheni na kupandishwa kuwa dayosisi mwaka 1959. Mwaka 1976 Taasisi ya Kichungaji ya Gaba ilihamia Eldoret kutoka Uganda, wakati utawala wa Idi Amin ulipofanya kazi yake isiwezekane huko. Kwa hiyo mji wa mashamba ukawa ghafla mojawapo ya mahali ambapo theolojia ya Kiafrika ilijadiliwa kwa bidii kuliko kwingineko katika kanda hii. Hoja iliyokuwa mezani wakati huo ilikuwa ya John Mbiti, aliyeandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za Kiafrika uovu hupimwa hasa kwa madhara yake kwa jamii, si kwa kuvunjwa kwa amri ya mbali. Laurenti Magesa wa Tanzania aliiendeleza hoja hiyo mwaka 1997 kwa kuuona uovu kuwa ni kuupunguza uhai wa watu. Wakazi wa uwanda hawakuhitaji vitabu kulijua hilo. Wakalenjin wana neno ng'oki, malipizi ya uovu yanayoweza kuwafikia jamaa wa mtenda pia, na jamii nyingine zilizohamia mashambani zilikuwa na dhana zilizo jirani nalo. Lakini Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya mchanganyiko wa makabila, na Kiswahili cha kanisa kilikuwa kimeichagua dhambi.

Mahakama ya Rosa

Fasihi iliuona ufa huu mapema kuliko wanatheolojia. Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert anamweka Adili chini ya amri ya kuwapiga mijeledi kila usiku ndugu zake waliogeuzwa manyani kwa sababu ya kumtendea uovu. Aliyekosewa ndiye anayelazimishwa kuitekeleza adhabu, na hulia anapoitekeleza. Sheria ni ya haki na hata hivyo haimponyi yeyote, mpaka mfalme anapoingilia kati kuomba msamaha. Kazi hii husomwa shuleni kama hadithi ya adili. Yafaa isomwe pia kama hoja kuhusu mipaka ya adhabu.

Euphrase Kezilahabi, aliyepitia malezi ya seminari, alikwenda mbali zaidi. Rosa Mistika (1971) ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda, kwa madai ya utovu wa maadili. Waliopiga marufuku walihesabu dhambi za Rosa, na hesabu yao ilikuwa sahihi. Hawakuona kwamba riwaya imeandikwa dhidi ya hesabu ya namna hiyo. Zakaria, baba mlevi wa Namagondo, alimlea binti yake kwa sheria tupu, kwa vitisho na fimbo. Rosa alipotoka chini ya fimbo hakuwa na kitu kingine cha kumwongoza. Riwaya humalizikia ng'ambo ya kifo, binti na baba wakishitakiana mbele ya Mungu. Mwandishi amelirejesha neno hatia mahali pake pa asili, mahakamani, kisha akaonyesha kwamba mahakama hiyo inapaswa kumsikiliza pia mtoto aliyekosewa na mzazi. Dhambi ya Rosa ni ya Rosa. Kosa lina watu wawili.

Baada ya Kiambaa

Uwanda wa Uasin Gishu ulishuhudia machafuko ya kikabila kuanzia 1991 hadi 1993, na tena baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Siku ya kwanza ya Januari 2008 kanisa la Kenya Assemblies of God huko Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wanawake na watoto wakiwamo. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote. Waliotenda na waliotendewa, wengi wao, walikuwa wamebatizwa. Walijua amri ya sita, kwa namna Waprotestanti wanavyozihesabu amri, au ya tano, kwa hesabu ya Wakatoliki. Hapakuwa na upungufu wa elimu ya sheria.

Kilichopungua ni lugha ya kutaja uovu uliotendwa na kundi kwa kundi. Theolojia rasmi ilikuwa imekwisha kulikabili swali hili. Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya upatanisho na kitubio wa mwaka 1984, alikubali kuongea juu ya dhambi ya kijamii, lakini akasisitiza kwamba mwishowe ni mkusanyiko wa dhambi za watu binafsi. Msimamo huo una busara, kwa kuwa mtu asiyekuwa na jina hawezi kutubu. Una pia hatari yake, kwani katika umati wa Kiambaa kila mmoja angeweza kusema kwamba yeye hakuwasha kiberiti. Mahakama nayo haikusaidia. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliifunga kesi ya mwisho ya machafuko hayo tarehe 5 Aprili 2016, kwa uamuzi uliofuta mashtaka bila kutamka kwamba washtakiwa walikuwa na hatia wala kwamba hawakuwa nayo. Neno hatia, ambalo Kiswahili kililikabidhi kwa hakimu, likaachwa bila hakimu.

Viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya walikiri hadharani mwezi Februari 2008 kwamba walishindwa kuwaongoza waumini kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Ungamo hilo, kwa maudhui yake, ni la kukosa: wajibu uliopungua, shabaha iliyopitwa kando. Dhambi kama uasi dhidi ya amri isingeweza kulibeba, maana hapakuwa na amri waliyoivunja kwa tendo.

Askofu Cornelius Korir, aliyeliongoza jimbo la Eldoret kuanzia 1990 hadi kifo chake mwaka 2017, aliwapokea maelfu ya wakimbizi kwenye uwanja wa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu. Kijitabu chake cha Amani Mashinani cha mwaka 2009 hueleza taratibu zilizofuata vijijini. Mazungumzo yalianza na mtu mmoja mmoja, yakaenda kwa vikundi vidogo, kisha kwa kila kabila peke yake, ili uchafu wote utolewe nje bila mgeni kuusikia. Ndipo makabila yakakutanishwa, yakaandika mapatano, na kupewa kazi ya pamoja kama barabara au soko. Mtu aliyelelewa katika kitubio cha kisanduku ataona mara moja kilichobadilika: ungamo limepewa ngazi, na kwenye kila ngazi yupo anayesikiliza asiye padri. Lakini liturujia ilikuwa imelihifadhi jambo hilo tangu zamani. Katika sala ya kuungama ya Misa ya Kiswahili, anayeungama huwataja ndugu zake pamoja na Mungu tangu mwanzo, na anapofika kwenye tendo lenyewe hasemi dhambi. Kitenzi anachokirudia ni kukosa, na miongoni mwa anayoyakiri yamo yale ambayo hakuyatenda.